Caruso hakuzaliwa na sauti ile

Enrico Caruso alifariki tarehe 2 Agosti 1921, na tangu siku hiyo wasimulizi hawajampa nafasi ya kupumzika. Sidhani kama yuko mwimbaji wa opera aliyezushiwa mengi kuliko yeye. Utaambiwa alikuwa mtoto wa 18 kati ya 21. Utaambiwa hakufundishwa na mtu, sauti alishushiwa tu. Utaambiwa Napoli, mji wake wa kuzaliwa, ilimzomea; kwamba santuri ndizo zilizomtoa; kwamba alikuwa koo tupu, kuigiza hakujui; na kwamba alianguka jukwaani akafa huku anaimba. Mengine ni uongo mtupu. Mengine yana ukweli ndani yake, ila umetiwa chumvi hadi hauliki tena. Nayapinga kwa sababu moja: karibu yote yanamnyang'anya mtu huyu jasho lake.

La watoto 21 tulimalize upesi. Mwenye kulieneza ni Caruso mwenyewe, aliyependa kuwasimulia wageni kwamba wote waliomtangulia walikufa wachanga, akabaki yeye. Mwanawe, aliyeitwa Enrico kama baba, aliandika wasifu wa baba yake pamoja na Andrew Farkas, ukatoka mwaka 1990. Humo hesabu inarudi kuwa ya kibinadamu: Caruso alizaliwa tarehe 25 Februari 1873, mtoto wa tatu kati ya saba. Ni jambo dogo, lakini linatupa tahadhari. Mtu huyu alikuwa mcheshi, waandishi wa magazeti wa New York walikuwa na njaa ya habari, na pande zote mbili zilishiba.

Dai linaloniudhi hasa ni lile la kipaji. Kila aimbaye vizuri huambiwa hivyo, hata kwenye kwaya zetu: huyu kazaliwa nayo. Maneno hayo yanasikika kama sifa, kumbe yanafuta miaka yote iliyotangulia. Sasa tuitazame miaka hiyo kwa upande wa Caruso.

Baba yake, Marcellino, alikuwa fundi wa mitambo, na alitaka mwanawe awe fundi vilevile. Kijana akapelekwa karakanani akiwa na umri wa miaka kama kumi. Jioni aliimba kanisani na mikahawani kwa malipo ya kubahatisha. Alipopelekwa kwa mwalimu wa sauti Guglielmo Vergine, mwalimu hakupiga magoti kwa mshangao. Alimwona ana sauti ndogo, nyembamba, akaifananisha na upepo unaovuma dirishani. Kwa shida akamkubali, tena kwa masharti ambayo mtu yeyote mwenye wakili angeyakataa: robo ya mapato yake kwa miaka mitano ya kuimba. Zingatia hayo maneno ya mwisho. Si miaka mitano ya kalenda. Kilichohesabiwa ni siku za kuimba zenyewe. Mwimbaji wa opera hapandi jukwaani kila siku, kwa hiyo miaka mitano ya aina hiyo ingeweza kumfuata hadi uzeeni. Caruso alipoanza kupata pesa na kuelewa alichokitia saini, kesi ikaenda mahakamani, na hatimaye akajikomboa kwa lira 20,000. Vergine alikuwa mkali wa mkataba, lakini alijua kazi yake: alimfundisha asipige kelele, aibane sauti hadi iwe na msingi.

Alipanda jukwaani mara ya kwanza kama mwimbaji mkuu tarehe 15 Machi 1895, katika Teatro Nuovo ya Napoli, kwenye opera ya Mario Morelli iitwayo L'amico Francesco. Opera hiyo leo haikumbukwi na mtu ila kwa sababu ya usiku huo. Caruso alikuwa na umri wa miaka 22, na noti za juu zilikuwa bado zinampasukia. Hili ndilo wasimulizi wa kipaji wasilolitaja: mwimbaji wa tenori anayeogopa sehemu ile ile ya sauti ambayo watu hulipa kiingilio kuja kuisikia. Miaka michache iliyofuata alizunguka kwenye majumba ya opera ya miji midogo ya kusini. Salerno ndipo alipokutana na Vincenzo Lombardi, kiongozi wa okestra, ambaye alimkalisha chini akamfundisha upya jinsi ya kupanda. Mwalimu wa kwanza alimpa msingi, wa pili akampa ngazi.

Hata baada ya hapo, ile C ya juu haikuwa rafiki yake. Wimbo maarufu wa mwanamume katika pazia la kwanza la La bohème unafika hapo, na Caruso alizoea kuushusha wote kwa nusu sauti ili asiuguse ukingo. Santuri yake ya mwaka 1906 ya wimbo huo imeshushwa hivyo hivyo. Wapo wanaolileta jambo hili kana kwamba wamemkamata na kosa. Kwangu mimi ni ushahidi wa fundi anayejua kifaa chake kinapoishia. Alijua watu hawatakumbuka noti moja ya juu kama watakavyokumbuka jinsi pumzi ilivyoubeba wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Halafu kuna mwaka 1909. Kooni kwake kuliota kinundu, akafanyiwa upasuaji Milan. Kwa mwimbaji, kisu karibu na nyuzi za sauti ni jambo la kutisha kuliko deni. Alirudi, na sauti ya miaka iliyofuata ilikuwa nzito zaidi, yenye kivuli cha baritoni, hivyo akabadilisha hata aina ya opera alizoimba. Kijana mwepesi wa mapenzi aliyekuwa akiigiza mwaka 1900 akawa Samson, na mwaka 1918 akasimama New York katika La forza del destino ya Verdi pembeni ya Rosa Ponselle, binti wa miaka 21 aliyekuwa anapanda jukwaa la Metropolitan kwa mara ya kwanza. Kipaji cha kushushiwa hakijifunzi upya baada ya miaka 15 ya kazi. Mtu ndiye anayejifunza.

Sasa Napoli. Hapa kuna ukweli wa kukiri kwanza: baada ya msimu wa 1901 na 1902 Caruso hakuimba tena opera katika mji wake. Hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni sababu. Wasemavyo wengi, alifungua L'elisir d'amore katika jumba la opera la San Carlo tarehe 30 Desemba 1901, ukumbi ukalipuka kwa miluzi na zomeazomea, akakimbia na machozi, akala kiapo.

Mtu aliyezomewa hadi kukimbia haendelei na maonyesho yaliyobaki. Caruso aliendelea, na kisha akaimba Manon ya Massenet hapohapo San Carlo. Usiku ule ulianza kwa baridi, lakini haukuwa maangamizi. Wakati huo San Carlo ilikuwa na vikundi vya mabwana waliojiona wenye ukumbi, waliozoea mwimbaji mgeni aende kuwaamkia kabla ya onyesho. Caruso hakwenda. Alikuwa ametoka La Scala ya Milan, alikoimba chini ya kiongozi wa okestra Toscanini, akadhani hilo linatosha. Na kilichomchoma zaidi kilikuwa kalamu ya mhakiki Saverio Procida, aliyeandika gazetini kwamba sauti yake ina ubaritoni mwingi na mbinu zake zina dosari. Mwana anayerudi nyumbani na sifa za watu wa mbali, kisha akapimwa na jirani kwa jicho kavu: hicho ndicho kidonda. Hadithi inasema aliapa kurudi Napoli kwa kula tambi tu. Huenda alisema hivyo, alikuwa mtu wa maneno ya aina hiyo. Lakini kiburi kilichojeruhiwa na ukumbi uliomfukuza ni vitu viwili, na Napoli imebebeshwa lawama ya cha pili kwa zaidi ya karne.

Dai la santuri lina meno zaidi, kwa hiyo tukae nalo.

Linakwenda hivi: bila gramafoni Caruso angekuwa tenori mmoja tu kati ya wengi, na Metropolitan ya New York ilimchukua baada ya meneja wake Heinrich Conried kusikia santuri zake. Nikubali kwanza kilicho kweli. Tarehe 11 Aprili 1902, katika chumba cha Grand Hotel ya Milan, hoteli ileile aliyofia Verdi mwaka mmoja kabla, Fred Gaisberg wa Gramophone Company alimrekodi Caruso nyimbo kumi alasiri moja. Malipo yalikuwa pauni 100. Inasimuliwa kwamba makao makuu London yalituma telegramu kukataza, kwa kuona pesa ni nyingi mno, na Gaisberg akaipuuza. Ni kisa kitamu, na wachunguzi kadhaa wamekitilia shaka kwa sababu hiyohiyo. Lililo hakika ni kwamba santuri hizo zilibadilisha biashara yote. Kabla yake waimbaji wakubwa wengi waliiona gramafoni kama mchezo wa maonyesho ya sokoni. Baada yake walipanga foleni.

Lakini ona utaratibu wa matukio. Gaisberg alimfuata Caruso kwa sababu mji mzima ulikuwa unamzungumzia: mwezi uliotangulia alikuwa ameimba katika opera mpya ya Franchetti, Germania, pale La Scala. Kabla ya hapo alikuwa ameshaimba St Petersburg na Buenos Aires. Alikuwa ameshakabidhiwa na watunzi walio hai nafasi ambazo hakuna aliyewahi kuziimba: Federico katika L'arlesiana ya Cilea mwaka 1897, Loris katika Fedora ya Giordano mwaka 1898. Mtunzi hamkabidhi mtu asiyejulikana opera yake mpya. Na kuhusu New York, mazungumzo ya mkataba yalianzishwa na Maurice Grau, aliyemtangulia Conried. Conried aliyakuta mezani. Caruso alifungua Metropolitan tarehe 23 Novemba 1903 katika Rigoletto.

Wanaosema mashine ndiyo iliyomtengeneza hawajafikiria mashine yenyewe ilivyokuwa. Hakukuwa na umeme katika kazi ile. Kurekodi kwa umeme kulikuja mwaka 1925, yeye ameshazikwa. Kulikuwa na pembe ya bati. Mwimbaji aliuweka uso karibu na mdomo wa pembe, sauti ikatikisa kiwambo chembamba mwisho wake, kiwambo kikasukuma sindano, sindano ikachora mfereji juu ya nta inayozunguka. Nguvu yote ya kuchora ilitoka kwenye mapafu ya mwimbaji. Akikaribia noti kali alirudi nyuma hatua, la sivyo sindano ingeruka. Akitaka kunong'ona alisogea mbele. Hapakuwa na kukata wala kuunga. Ukikosea, nta inatupwa au kosa linauzwa, na katika zile kumi za Milan kuna makosa madogo yaliyouzwa. Pembe ile ilisikia sehemu ya katikati ya sauti tu. Besi za chini na soprano za juu ilizipunja. Sauti ya Caruso, tenori yenye uzito wa katikati, ilikaa palepale pembe ilipokuwa na masikio. Hiyo ni bahati, sikatai. Ila bahati haimfundishi mtu kupima pumzi mbele ya bati kwa dakika nne bila kupepesuka, na Caruso alifanya hivyo kwa miaka 18, hadi Septemba 1920 huko Camden, New Jersey.

Kampuni ileile ya Gaisberg, kwa santuri zake zenye picha ya mbwa, ndiyo iliyomrekodi mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja kule Bombay mwaka 1928. Naye utasikia akisemwa hivyohivyo, kwamba santuri ndizo zilizomfanya, ilhali Unguja ilikuwa imemjua kabla hajapanda meli.

Hapo ongeza porojo ya santuri ya kwanza kuuza nakala milioni moja, ambayo hupewa kilio cha mchekeshaji katika Pagliacci. Caruso aliurekodi wimbo huo mara tatu, mwaka 1902, 1904 na 1907, na wanaolirudia dai hilo hawakubaliani ni ipi kati ya hizo. Tuliache hapo.

Koo tupu lisilojua kuigiza? Mwanzoni, ndiyo. Hata marafiki zake walikiri kwamba alisimama jukwaani kama mtu anayesubiri basi, na umbo lake fupi nene halikumsaidia alipovaa nguo za mfalme. Zaidi ya hayo, alikuwa mtundu. Lakini utundu wenyewe unaeleza kitu. Usiku mmoja Philadelphia, mwaka 1913, wakiimba La bohème, mwenzake wa besi Andrés de Segurola alipoteza sauti katikati ya onyesho, na mbele yake kuna wimbo mfupi wa kuliaga koti lake kuukuu. Caruso aliwapa watazamaji mgongo akauimba wimbo ule wa besi mwenyewe, mwenzake akifanya ishara tu. Mwaka 1916 akaurekodi kama mzaha. Wimbo wa mtu mwingine, wa sauti nyingine, aliujua neno kwa neno: hivyo ndivyo alivyozijua opera, si mistari yake peke yake.

Na mwisho wa kazi yake alikuja Eléazar, sonara mzee wa Kiyahudi katika La Juive ya Halévy, aliyemwigiza kwa mara ya kwanza Novemba 1919. Kwa ajili ya mzee huyo alijifunza desturi za ibada za Kiyahudi, akajibadilisha uso na mwendo, na wahakiki waliomcheka miaka 15 nyuma wakaweka kicheko chini. Alikuwa na jicho la mchoraji, jambo linalosahauliwa. Kila wiki vikatuni vyake vilitoka katika La Follia, gazeti la Waitalia wa New York, naye hakutaka kulipwa. Anayeweza kumnasa mtu kwa mistari mitano anajua mwili unavyosema.

Pesa pia huletwa kama shutuma, eti alikuwa mlafi. Havana mwaka 1920 alilipwa dola 10,000 kwa usiku mmoja, ni kweli. Metropolitan, alikoimba zaidi ya mara 800, hakutaka wampandishie kupita dola 2,500, ingawa meneja Gatti-Casazza alikuwa tayari kumlipa zaidi. Alisema hataki jumba liumie kwa ajili yake. Mlafi gani huyo.

Kuhusu kifo, wa kulaumiwa ni sinema. Mwaka 1951 Hollywood ilitoa The Great Caruso, Mario Lanza akiwa ndiye Caruso, na humo shujaa anamalizikia jukwaani. Baadaye, mwaka 1986, Lucio Dalla alitunga wimbo mzuri sana kuhusu siku za mwisho Sorrento, ambapo mgonjwa anamwimbia binti kijana. Pavarotti naye aliuimba, ukasambaa dunia nzima, na sasa wapo wanaoapa kwamba binti huyo alikuwepo. Kwa kweli aliyekuwa naye Sorrento ni mkewe, Dorothy Park Benjamin, aliyemwoa Agosti 1918, na binti yao Gloria, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili.

Mambo yalivyokwenda hayana pazia zuri la kufunga. Tarehe 11 Desemba 1920, katika Brooklyn Academy of Music, Caruso alianza kutoka damu kinywani akiwa katikati ya L'elisir d'amore. Aliimba huku anapokea vitambaa kutoka pembeni mwa jukwaa, kimoja baada ya kingine, hadi pazia la kwanza likaisha na watu wakaambiwa waende nyumbani. Ndani ya siku chache alikuwa amerudi kazini. Onyesho lake la mwisho lilikuwa La Juive, mkesha wa Krismasi, maumivu yakimkata ubavuni, na alilimaliza. Siku iliyofuata alizidiwa. Ilikuwa uvimbe wa utando wa mapafu uliogeuka usaha. Alipasuliwa mara kadhaa, wakati huo hakuna penisilini. Alisafiri kurudi Italia mwaka 1921 kwa matumaini ya kupona, hali ikaharibika tena akiwa Sorrento, na akafa katika hoteli ya Vesuvio mjini Napoli, akiwa na umri wa miaka 48. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na hilo halikumsaidia, lakini kilichomuua ni maambukizi. Mji uliosemekana kumfukuza ulijaa barabarani kwenye mazishi yake.

Limebaki dai moja, nalo hutoka kwa wasikilizaji wazuri: kwamba santuri zile ni mikwaruzo mitupu, kwa hiyo anayemsifu leo anasifu jina. Tatizo mara nyingi si santuri, ni aliyeichezesha. Santuri za wakati ule hazikuwa na kasi moja. Ukiizungusha kwa mizunguko 78 kwa dakika ile iliyochorwa kwa pungufu ya hapo, sauti inapanda, inakuwa nyembamba, na mtu mzima anageuka kijana mwenye haraka. Matoleo yaliyotoka miaka ya 1930 yalimwekea okestra mpya juu ya ile ya zamani, ikamfunika. Mwaka 1976 kampuni ya RCA ilitoa kazi ya mhandisi Thomas Stockham, aliyetumia kompyuta kuondoa mwangwi wa pembe, na tangu hapo umekuja usafishaji mwingine bora zaidi. Tafuta ya mwaka 1902, kisha ya 1906, kisha yoyote ya 1917 na kuendelea, uzisikilize kwa mfuatano huo, na usisubiri noti ya juu. Sikiliza anapovuta pumzi na umbali anaokwenda nayo. Katika ile ya kwanza utamsikia akihesabu.